Merikebu Iliyozama Mbele ya Ngome

Msomaji wa Naitiri atakayejaliwa kushuka Mombasa asikose kuingia Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Katika jumba la makumbusho humo vimewekwa vyombo vya merikebu Santo António de Tanná. Ilikuja kuwasaidia Wareno waliozingirwa na Waarabu wa Omani tangu 1696, ikazama papo hapo mwaka 1697. Njaa na maradhi viliwamaliza wengi ngomeni, nayo ikatekwa mwaka 1698.

Wapiga mbizi waliichimbua merikebu hiyo kuanzia 1977 hadi 1980. Mbona basi haikutolewa majini? Mbao zilizolowa karne nyingi, zikikauka bila dawa, hupasuka na kuharibika. Kwa hiyo imeachwa baharini, na mchanga ndio mlinzi wake.