Bustani ya Makopo

Wageni wakizuru Mji wa Kale, Mombasa, husema Waswahili hatuna bustani. Wametafuta majani yaliyofyekwa na maua yaliyopangwa mbele ya nyumba, wakakuta ukuta na mlango wa nakshi. Laiti wangekaribishwa uani, wangeona asumini katika debe la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa msumari, mrihani ndani ya ndoo iliyopasuka, na mhina pembeni. Bustani hii haikupandwa itazamwe na mpita njia. Ilipandwa inuswe na walio ndani.

Kazi yake huenda na majira. Masika yakianza, hukatwa tawi la asumini lisilo changa sana wala gumu mno, likachomekwa udongoni na kuwekwa kivulini hadi litoe mizizi. Tawi hilo huombwa kwa jirani, na jirani hanyimi. Kaskazi ikivuma kopo hukauka upesi, basi hunyweshwa asubuhi na jioni, na maji yawe matamu, maana ya kisima chenye chumvi huunguza majani. Mrihani hupandwa kwa mbegu: vishada vikikauka husuguliwa kiganjani, chembe nyeusi zikanyunyizwa juu juu tu. Mchicha na pilipili pia humo, lakini hizo ni za chungu.

Alasiri ndiyo saa yenyewe. Matumba ya asumini huchumwa yangali yamefumba, yakatungwa kwa sindano na uzi, yaje kufumbuka usiku nyweleni mwa mvaaji. Kikuba kina makuu zaidi: hutaka mrihani, asumini, waridi, na mkadi, ambao hauingii debeni kabisa. Tena ni mkadi dume tu utoao ua la kunukia. Vyote hufungwa pamoja, kikavaliwa kifuani, na arusi nzima ikajua bibi harusi alipo kabla ya kumwona.

Leo hina ni unga wa pakiti, na kumbi za arusi zimejaa maua ya plastiki yasiyonuka chochote. Inaniuma. Waliohamia kwenye fleti hujitetea kwamba nafasi hakuna, lakini roshani zao nimeziona: zina kamba za nguo, pipa la maji na viti vibovu. Asumini hutaka debe moja, jua la nusu siku, na jirani wa kuombwa tawi. Huyo jirani wa mlango wa pili, wengi wetu hatujambishia hodi hata mara moja.