Harusi ya mrejeaji: Kabla ya ukumbi, kaeni na wazee

KIANGAZI kikiingia, ni nadra Jumamosi kupita bila msafara wa harusi katika barabara inayofuata Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba mvua imekatika, shule zimefungwa, na ndugu walioko Kigoma, Dar es Salaam au Ulaya hupata nafasi ya kuja. Kwa hiyo kijana akishapata mchumba, jambo la kwanza analoulizia ni ukumbi. La pili ni magari. La tatu ni sare za wasindikizaji.

Mimi ni mwalimu hapa Rumonge. Nilizaliwa na kusoma katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972, nikarejea mwaka 2009. Kwa kuwa naandika Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kidogo, kila mwaka nateuliwa kuwa katibu wa kamati za harusi. Katika madaftari hayo nimejifunza kwamba harusi nyingi zinazokwama hazikwami kwa sababu ya ukumbi. Hukwama kwa mambo matatu ambayo hakuna aliyetaka kuyasema mapema: shamba, karatasi na fedha za watu.

Mlango kwanza

Kwa desturi ya Kirundi, harusi huanzia mlangoni kwa wakwe. Hatua hiyo huitwa gufata irembo, yaani kushika mlango. Wazee wachache wa upande wa mume huenda kujitambulisha. Baadaye huja gusaba, siku ya posa yenyewe, ambapo wasemaji wawili hushindana kwa mafumbo na heshima, na hapo ndipo inkwano, yaani mahari, hutajwa. Siku hizi hutolewa fedha ndani ya bahasha, lakini wasemaji bado wanazungumza habari za ng'ombe, rangi yao na maziwa yao. Ndoa ikishafungwa hufuata gutwikurura, siku ya kumfunua bibi harusi.

Sisi tuliokulia Tanzania tulirudi na mambo mengine: kamati ya harusi, kadi za michango, na sherehe ya kumuaga binti. Si vibaya kuyachanganya. Ila anayechanganya ajue kwamba kila sherehe inayoongezwa ina mlo wake na vinywaji vyake, na wakwe ambao hawakukimbia wanaweza wasielewe kwa nini wanaletewa kadi ya mchango kabla hata mlango haujashikwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 kijana wa marehemu kaka yangu, ambaye ananunua mawese Rumonge na kuyauza Nyanza-Lac, alinijia akiwa na furaha.

"Baba mdogo, nimeshatoa arubuni ya ukumbi."

Nikamuuliza wakwe wanasemaje. Akajibu kwamba bado hawajaambiwa.

Mtamlaza wapi mtoto wetu?

Tulikwenda wazee wanne. Familia ya binti ni wasangwa, kama tunavyowaita wale tuliowakuta. Baada ya salamu, babu yake binti hakuuliza ng'ombe. Aliuliza: "Mwalimu, mtoto wetu mtamlaza wapi?"

Msomaji asiye wa huku anaweza kudhani swali hilo ni la kawaida. Kwetu lina historia. Mwishoni mwa Aprili 1972 mashambulizi yalianzia Rumonge na Nyanza-Lac, kisha yakafuata mauaji makubwa ya ulipizaji wa serikali nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania, ambako wengi waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba ya michikichi waliyoyaacha yalipata walimaji wengine, baadhi wakipewa na serikali yenyewe. Tuliporejea miaka zaidi ya thelathini baadaye, tulimkuta mtu mwingine katika nyumba ya babu, naye ameshazaa na kuzika hapo.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, katika miaka yake ya mwanzo ilihimiza pande mbili zigawane shamba. Kuanzia mwaka 2011 ikaelekea zaidi kumrudishia mwenye asili shamba lote. Kwa hiyo kuna familia zilizokatiwa shamba mara moja zikadhani yameisha, halafu zikaanza kuogopa upya. Waliorejea bila kujua hata shamba lilikokuwa walijengewa vijiji, kimojawapo kikiwa Mutambara hapa Rumonge.

Mzee yule alikuwa amegawana shamba mwaka 2010 na familia iliyotoka Mishamo. Hofu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kwamba mkwe mrejeaji angeingia kwa mlango wa harusi, kisha kesho ageuke mdai.

Tungeweza kuchukia tukaondoka. Badala yake tuliomba siku nyingine, na tukaomba wawepo bashingantahe, wazee wasuluhishi wa kilima. Siku hiyo tulisema wazi kwamba kijana ana kiwanja Mutambara, hana kingine, na kwamba ukoo wetu hauna dai lolote kwa shamba la mzee. Nao walisema wazi kwamba binti hapewi sehemu ya shamba. Yote yakaandikwa, wazee wakatia saini na vidole gumba. Aliyetoka Mishamo naye aliitwa akakaa kitini kama jirani. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa harusi yenyewe. Yaliyofuata yalikuwa sherehe.

Nashauri kila familia ya mrejeaji ianze hivyo. Kama kuna kesi ya ardhi baina ya koo mbili, au hata minong'ono tu, isemwe kabla ya inkwano. Ikisemwa baadaye, anayeumia ni bibi harusi, maana ndiye anayelala kati ya pande mbili.

Karatasi zisizo na haraka

Nchini Burundi ndoa inayotambuliwa ni ile inayofungwa mbele ya afisa wa serikali katika tarafa, au komine kama tulivyozoea kuiita. Baraka za kanisa au nikaha ya msikitini ni kwa ajili ya imani. Hazichukui nafasi ya saini ya tarafani. Kwa mujibu wa Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1993, mwanamume awe ametimiza miaka 21 na mwanamke miaka 18. Sheria hiyo hiyo inakataza ndoa ya mitala. Wafanyabiashara wenye mke Rumonge na mwingine ng'ambo wasidhani ziwa linafuta jambo hilo.

Wengi wanakumbuka mwaka 2017, wakati serikali ya Rais Pierre Nkurunziza ilipoamuru wanaoishi pamoja bila ndoa waihalalishe kabla mwaka haujaisha. Waliotoka kambini walihangaika kuliko wengine. Mtu alifunga ndoa kanisani kambini, ana watoto wanne, lakini hana karatasi hata moja ya kuthibitisha tarehe aliyozaliwa.

Kwa hiyo siku ile ile mnayopanga kushika mlango, kijana na binti watoe karangamuntu zao waziweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na wasome majina herufi kwa herufi. Jina lililoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili katika cheti cha Tanzania linaweza kuandikwa kwa namna nyingine katika kitambulisho cha Burundi. Tofauti ya herufi moja yatosha kukurudisha nyumbani. Nendeni tarafani mapema, muulize kwa mdomo wenu ni karatasi zipi zinatakiwa, mkaziandike.

Wanaooa Tanzania wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya huko inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla. Anayevuka Manyovu Alhamisi akitarajia kuoa Jumamosi atakula nauli bure.

Tarehe husomwa ziwani

Kwa watu wa mwambao, kalenda ya ukutani haitoshi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo wavuvi wako nyumbani, ila hawaingizi fedha. Ni vizuri kuwaalika wakati huo, lakini mchango wao uombwe wiki mbili kabla, giza likiwepo. Sisi tulichagua Jumamosi ya Septemba 2, 2023, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mjomba wa binti, ambaye ni mvuvi, alisema ni mara ya kwanza kuhudhuria harusi bila kusinzia.

Zipo pia siku za kufunga ziwa. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kupumzisha uvuvi ili samaki wazaliane, na Tanzania ilifunga kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Miezi hiyo ndiyo yenye harusi nyingi. Anayetegemea mikeke kwa karamu, au mvuvi kwa mchango, aulize mapema ziwa litafungwa lini.

Wanaopenda sherehe ufukweni wakague mahali penyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda sana miaka ya karibuni, na mwaka 2024 yalivamia nyumba na kumbi kando ya ziwa. Waislamu waitazame Ramadhani, Wakatoliki waitazame Kwaresima. Na anayetamani ngoma za jadi akumbuke kwamba amri ya Oktoba 2017 iliweka masharti ya kibali na malipo ya faranga 500,000 kwa maonyesho yasiyo ya shughuli rasmi za serikali.

Daftari la intwererano

Hapa ndipo mrejeaji anapoonja tofauti. Intwererano ni zawadi na vinywaji ambavyo watu huletea mwenye sherehe, naye hurudisha wanaposherehekea wao. Msangwa amekuwa akipeleka kwa majirani tangu ujana wa baba yake, kwa hiyo akioza, kilima kizima kinamdai shukrani ya kuja. Sisi tuliowapelekea watu tuliwapelekea Ulyankulu na Katumba. Wengi wa wale wamebaki huko, kwani zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale walichagua uraia wa Tanzania. Deni letu liko ng'ambo.

Kwa hiyo bajeti ya mrejeaji isijengwe juu ya ahadi. Andikeni safu mbili: zilizopokelewa na zilizoahidiwa. Nunueni kwa safu ya kwanza tu. Ndugu wa Tanzania waombwe mapema, na waulizwe wataleta shilingi au faranga, kwa kuwa bei hugeuka. Mei 2023, tukiwa katikati ya maandalizi, Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kutoka takriban 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Sukari, mchele na vitambaa vilipanda. Baba yake binti angeweza kudai inkwano iongezwe. Hakudai, kwa sababu katika daftari tuliandika kiasi kwa faranga, pamoja na tarehe ya kila nusu, na nusu ya kwanza alikuwa ameshaipokea.

Sisi tukapunguza. Magari yalikuwa sita. Kwa shida ya petroli tuliyoizoea, yakabaki mawili, na wageni wa karibu walitembea. Sherehe ya kuaga binti iliunganishwa na posa. Arubuni ya ukumbi haikurudi, lakini mwenye ukumbi alikubali itumike kukodi viti na turubai, na tukala uani kwa wakwe.

Binti ndiye aliyeuliza swali ambalo kamati haikuwa imeliuliza: "Kesho yake tutaamkia wapi?" Nyumba ya Mutambara ilikuwa na kuta bila paa. Kikao kikakubaliana kwamba fedha zilizookolewa kwenye magari na sare ziende kwenye mabati. Wapo waliolalamika kwamba picha hazitapendeza. Yakaezekwa wiki moja kabla ya saini ya tarafani, na babu wa binti alikuja mwenyewe kuyahesabu.

Anayeanza leo na anunue daftari la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza aandike majina ya wazee wa pande zote mbili na siku watakayokutana. Wa pili, karatasi za tarafani. Wa tatu, fedha zilizopokelewa. Ukumbi unaweza kusubiri ukurasa wa nne.