Shujaa Aliyezeeka na Sisi wa Miaka 22

Chumbani kwetu hosteli kuna ubishi ambao haujaisha tangu semista ianze. Inakuwaje mtu wa miaka 22, ambaye hata kazi ya kwanza hajapata, aguswe na wimbo wa mtu anayeuogopa uzee? Ubishi ulianza siku jamaa mmoja alipoweka kwenye spika wimbo "Invincible" wa bendi ya Kimarekani iitwayo Tool. Wawili wakasema ni makelele, zima. Wa tatu alikuwa amelala kitandani akiangalia dari. Alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha, halafu akasema, "Oya, urudie."

Makala hii inajaribu kueleza kwa nini aliomba urudiwe.

Tuanze na wimbo wenyewe. Tool ilianzishwa Los Angeles mwaka 1990. Muziki wao mashabiki huuita progresivu metali: magitaa mazito ya metali, lakini nyimbo ni ndefu, zina vipande vingi, na mapigo yake si yale uliyoyazoea. "Invincible", yaani asiyeshindika, umo kwenye albamu ya Fear Inoculum iliyotoka tarehe 30 Agosti 2019, miaka 13 baada ya albamu yao iliyotangulia. Wimbo una dakika 12 na sekunde 44. Asubuhi yenye foleni Barabara ya Kilwa, unaweza kuuanza daladala ikiwa Rangi Tatu, ukaumaliza, na bado ukawa huko huko Mbagala.

Anayezungumziwa ni mpiganaji wa zamani. Umri umeenda, mwili umechoka, vita vyake vikubwa vimeshapita. Lakini bado anajivika silaha na kusogea mbele, kwa sababu hajui kuwa kitu kingine. Adui anayemtisha zaidi ni ile siku atakayoamka na kukuta hakuna anayemhitaji. Kifo chenyewe hakimtishi kiasi hicho.

Sasa angalia nani anaimba. Maynard James Keenan alizaliwa Aprili 1964, kwa hiyo siku albamu inatoka alikuwa na miaka 55. Hapa kwetu huo ndio umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Mpiga ngoma wao, Danny Carey, alikuwa na 58, na ngoma za aina ile ni kazi ya misuli hasa, si ya kukaa na kutingisha kichwa. Watu hawa waliingia sokoni na nyimbo za dakika kumi na zaidi wakati dunia nzima inafupisha nyimbo. Wimbo uliobeba jina la albamu, wenye dakika 10 na sekunde 21, ukawa mrefu kuliko wimbo wowote uliowahi kuingia kwenye chati ya Billboard Hot 100 hadi wakati huo, na albamu ikashika namba 1 Marekani. Kwa hiyo mpiganaji wa kwenye wimbo si wa kubuni tu. Wanaomwimba wako kwenye hali yake.

Hayo ni maneno na waimbaji. Lakini yule jamaa wa kitandani hakuwa anasoma wasifu wa mtu. Alikuwa anasikiliza, kwa hiyo lazima tuuangalie muziki.

Kwanza, wimbo hauna haraka. Unaanza na gitaa taratibu, besi na ngoma zinaingia kidogokidogo, sauti ya mwimbaji inachelewa kuja, na uzito wote unamwagika mwishoni. Msikilizaji anafanywa asubiri. Kusubiri huko ni sehemu ya ujumbe: huwezi kueleza miaka arobaini ya mtu kwa dakika mbili na nusu.

Pili, kuna suala la hesabu. Bongo Fleva karibu yote unaweza kuihesabu nne nne: moja, mbili, tatu, nne, unarudi mwanzo, na mguu wako unajua utatua wapi. Albamu hii inaipenda namba 7, na wanabendi wenyewe wameshaeleza jinsi namba hiyo ilivyojirudia walipokuwa wanatunga. Jaribu kugonga meza kwa hesabu ya saba, halafu rudi moja bila kupumzika. Unaona? Kuna pigo moja mwili wako ulilitegemea halafu halipo. Ni kama kutembea na mtu mwenye goti bovu. Anafika, lakini si kwa hatua uliyoitarajia. Hata asiyeelewa neno moja la Kiingereza anaweza kusikia kule kuchechemea.

Mtu aliyekulia Temeke hapaswi kuushangaa sana mpangilio huu. Nyimbo za dansi za Msondo Ngoma na za Mlimani Park, Sikinde, zinajengwa hivyo hivyo: mwanzo mwimbaji anasimulia kisa polepole, beti kwa beti, halafu linakuja chemko, magitaa yanakimbizana, na waliokuwa wamekaa wote wanasimama. Tofauti ni kwamba chemko la dansi linakuja na raha. La "Invincible" linakuja kama mtu anayekusanya nguvu zake za mwisho.

Na kwa kuwa tumefika kwenye Msondo, kisa chetu cha shujaa aliyezeeka kiko hapa hapa. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, na bendi ikabadili: JUWATA, kisha OTTU, mwisho Msondo Ngoma. Kwa miaka mingi ilipiga TCC Klabu, Chang'ombe, si mbali na wenzetu wa DUCE. Sauti mojawapo kubwa ya bendi hiyo ilikuwa ya Muhidin Gurumo, ambaye mwaka 1978 alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Mwaka huo huo Diamond Platnumz, ambaye hakuwa amefika hata miaka 25, akamzawadia gari. Tarehe 13 Aprili 2014 Gurumo akafariki.

Tukio lile la gari unaweza kulisoma kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni heshima: kijana aliyefanikiwa anamkumbuka aliyemtangulia. Njia ya pili inauma: mtu kaimba nusu karne, sauti yake inajulikana nchi nzima, halafu gari analipata kwa zawadi ya mtoto aliyezaliwa yeye akiwa karibu na miaka hamsini. Naamini njia zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kisa kile kinakaa kichwani, kama unavyokaa wimbo wa Tool.

Hata lugha yetu inalijua jambo hili. Nyimbo hizo za zamani tunaziita zilipendwa. Lisikilize neno lenyewe: kuna -li- hapo katikati. Zilipendwa, siyo zinapendwa. Redio inaupiga wimbo leo, mama mmoja Tandika anauimba leo huku anachambua mchele, anaupenda leo, lakini jina linasema mapenzi yalikwisha zamani. Mpiganaji wa Tool anapigana na hiyo -li-.

Turudi sasa kwa wa miaka 22. Yeye zilipendwa zinamhusu nini?

Zinamhusu kwa sababu kuzeeka, kwa maana anayoizungumzia wimbo, hakupimwi kwa mvi. Kunapimwa kwa kupitwa. Na hofu ya kupitwa inaanza mapema sana siku hizi. Mtu anapata sapu moja, anahesabu atamaliza na miaka mingapi. Mwingine anaona kwenye simu mtu aliyesoma naye Mbagala sekondari keshajenga, yeye bado anasubiri bumu liingie. Dada wa mwaka wa tatu anapigiwa simu na shangazi kila Jumapili, na swali ni lile lile: lini? Tangazo la kazi linataka kijana mwenye uzoefu wa miaka mitano. Kauli ya "umri unaenda" tunaambizana sisi kwa sisi, watu ambao meno ya ukubwa yameota juzi.

Serikali nayo ina mipaka yake. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaanzia miaka 60. Ukiwa na 36 hadi 59, basi, kwa sera hizo mbili wewe si kijana wala mzee. Ni mtu tu. Mwimbaji wa "Invincible" alikuwa ndani ya pengo hilo, na sisi tukihitimu na 24 au 25, pengo lenyewe tunaliona kwa mbali kama kituo cha mwisho cha daladala.

Hata darasani kwetu wapo. Ni wale walimu na wauguzi waliofanya kazi miaka kumi au kumi na tano kwanza, wakarudi kusoma. Wanakaa mstari wa mbele, wanaandika kila neno, na sisi tunawaita "mzee" na "mama" kwa nusu heshima na nusu utani. Siku ya kazi za makundi tunawakwepa, tukisema ni wazito wa kompyuta. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Halafu ikaja siku ya kuwasilisha kuhusu malezi ya mtoto darasani, tukakariri nadharia zetu. Mama mmoja akasimama bila karatasi akasimulia darasa lake la watoto zaidi ya mia. Hakuna aliyekohoa.

Nami nina sababu yangu ya kuandika haya. Baba yangu alifikisha miaka 60 mwaka jana, akastaafu. Bado anaamka saa kumi na moja alfajiri. Bado ananyoosha shati kwa pasi. Halafu anakaa barazani na shati lake lililonyooka, anasalimia wanaowahi magari. Nilikuwa najua kwamba mzee kastaafu. Sikujua kwamba kuna vita inaendelea pale barazani, mpaka nilipousikia ule wimbo mara ya tatu.

Wapo watakaosema: sawa, lakini metali ni muziki wa Wazungu, sisi tuna wetu. Jibu liko Nairobi. Mwaka 2020 wawili wa huko, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya kelele nzito kwa jina la Duma, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024, na ameihusisha na Muthoni wa Kirima. Huyo ni bibi aliyepigana msituni na Mau Mau na kupewa cheo cha fildi mashali. Khanja ni kitukuu wake. Muthoni alizifuga rasta zake tangu enzi za msituni hadi zilipokatwa mwaka 2022, akafariki Septemba 2023. Kwa hiyo mpiganaji aliyezeeka, ambaye Tool walimtoa kwenye mawazo yao, kwa mwanametali wa Nairobi alikuwa mtu wa ukoo, mwenye jina na kaburi.

Wahenga wetu waliacha methali mbili zinazovutana. Moja inasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Nyingine inasema ng'ombe hazeeki maini: mwili unachoka, ya ndani yanabaki. "Invincible" unakaa katikati ya hizo mbili kwa karibu dakika 13 na haukupi mshindi. Nyimbo nyingi zinazotaja uzee huchagua upande: ama zinalia, ama zinatamba. Huu unamwacha mpiganaji amesimama, anaogopa, na bado anasogea. Nadhani hilo ndilo aliloomba lirudiwe jamaa yetu wa kitandani, ingawa tulipomuuliza alisema tu, "Huyo mtu hadanganyi."

Ukitaka kujaribu, usiusikilize kwa spika ya simu huku unachati. Vaa hedifoni, panda gari la mbali, uache uishe. Ukishindwa na magitaa mazito, hakuna ubaya: tafuta Msondo ya zamani, subiri chemko, ukumbuke kwamba aliyekuwa anaimba alikuwa kazini. Halafu wiki ya kazi za makundi ikifika, kabla hujamkwepa yule mama wa mstari wa mbele, muulize kama ana kundi.