Tabibu Aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria Mara Mbili

Katika nishani za majeshi ya Uingereza hakuna inayoutangulia Msalaba wa Victoria, ambao kwa kifupi huandikwa V.C. Nishani hii iliwekwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Ni ya shaba tu, haina dhahabu wala kito, na hupewa mtu wa cheo chochote aliyeonyesha ushujaa mkuu mbele ya adui. Waliopata kuipewa mara mbili ni watu 3 tu. Kati ya hao, wawili walikuwa matabibu, watu ambao kazi yao ni kuponya wala si kuua. Wa kwanza wao ni Daktari Arthur Martin-Leake.

Alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza, akasomea udaktari London. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka Afrika ya Kusini mwaka 1899, aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida wa kupanda farasi. Baadaye aliwekwa kuwa daktari wa kikosi cha polisi wa nchi hiyo.

Tarehe 8 Februari 1902, mahali paitwapo Vlakfontein, alimwendea askari aliyejeruhiwa, akamtibu huku Makaburu wapatao 40 wakipiga bunduki kutoka mwendo wa yadi 100 hivi. Alipokwisha, alimwendea ofisa mmoja aliyeumia. Alipokuwa akimlaza vizuri, yeye mwenyewe akapigwa risasi 3. Hata hivyo hakuacha kazi mpaka alipoanguka kwa kuishiwa nguvu. Watu wote 8 waliokuwa pale walijeruhiwa. Maji yalipoletwa, alikataa kunywa mpaka kila mmoja wa wenzake awe amekwisha kunywa. Kwa tendo hilo alipewa V.C.

Hakukaa kuzitazama sifa zake. Mwaka 1903 alifaulu mtihani mkubwa wa upasuaji, kisha akaenda Bara Hindi kuwa mganga mkuu wa Reli ya Bengal-Nagpur. Vita vya Balkan vilipotokea mwaka 1912, alikwenda Montenegro pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu kuwauguza majeruhi, halafu akarudi kwenye kazi yake ya reli.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 40. Akihofu kuambiwa kwamba amezeeka, hakungoja kufika kwao Uingereza, bali alikwenda Paris akajiandikisha huko. Baada ya miezi michache alikuwa Ubelgiji, karibu na Zonnebeke. Huko, tangu tarehe 29 Oktoba mpaka tarehe 8 Novemba, aliwaokoa majeruhi wengi waliolala karibu sana na mahandaki ya adui, na risasi hazikukoma. Februari 1915 Gazeti la Serikali likatangaza kwamba ametunukiwa tena.

Mtu apewapo V.C. mara ya pili hapewi msalaba mwingine. Hupewa kipande chembamba cha shaba ambacho hutiwa juu ya utepe mwekundu wa ule msalaba wa kwanza. Basi asiyejua alama hiyo huona nishani moja tu.

Mwaka 1917 Martin-Leake, akiwa Luteni Kanali, alipewa kusimamia Kikosi cha 46 cha kuchukua majeruhi. Miongoni mwa waliochukuliwa na magari ya kikosi hicho, Agosti mwaka ule, alikuwamo Kapteni Noel Chavasse, yule tabibu wa pili. Chavasse alikuwa na jeraha la tumboni, akafariki tarehe 4 Agosti. V.C. yake ya pili ilitangazwa baada ya kufa kwake. Kweli, vita havina macho.

Martin-Leake alisalimika. Alirudi Bara Hindi kwenye hospitali za reli, akafanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 1937. Alifariki kwao Hertfordshire mwaka 1953, na nishani zake zikawekwa katika makumbusho ya matabibu wa jeshi.

Ukizihesabu siku zilizompatia V.C. zote mbili, ni siku 12 tu. Miaka ile mingi ya kuwatibu watu wa reli haikuandikwa juu ya msalaba wake. Lakini aliyeyakataa maji mpaka wenzake wanywe, na aliyewahudumia wagonjwa Bara Hindi mwaka baada ya mwaka, ni mtu yule yule mmoja.