Je, Wajua? Twiti za Mkate wa Moto na Kondoo Aliyepotea

Je, wajua kwamba ukomo wa herufi 140 wa Twitter, siku hizi X, ulitokana na SMS? Meseji moja ya simu ilibeba herufi 160. Wenye mtandao, walioufungua kwa umma mwaka 2006, wakatenga 20 kwa jina la mwandishi, zilizobaki ukajipange mwenyewe. Novemba 2017 ukomo ukapanda hadi 280. Wapenda maneno wakapumua.

Je, wajua kuwa hashitegi haikubuniwa na mwajiriwa wa kampuni? Alama ya # ilipendekezwa Agosti 2007 na mtumiaji wa Marekani, Chris Messina. Oktoba mwaka huohuo moto wa nyika ulipotishia San Diego, watu wakaitumia kufuatana na habari za moto, nayo ikashika. Kumtaja mtu kwa @ na kusambaza twiti ya mwenzako kwa kutanguliza RT pia ni mazoea ya watumiaji. Kitufe cha kusambazia kilikuja mwaka 2009, vidole vikiwa vimeshachoka kunakili. Ukisikia sifa zote zinamiminiwa wahandisi, sikiliza kwa sikio moja.

Je, wajua kuhusu chifu wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru? Francis Kariuki, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa ofisa wa serikali katika eneo lenye wakazi wapatao 28,000. Mwanzoni mwa 2012 habari zake zilizunguka dunia. Saa kumi alfajiri alipigiwa simu: wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Chifu akaandika twiti. Dakika chache baadaye majirani walikuwa wamejaa nje ya nyumba ile, na wezi wakatimua mbio. Kondoo akipotea, naye alitangazwa vivyo hivyo, rangi zake zikitajwa. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi kama 300 tu, idadi ambayo mshawishi wa leo angeionea haya. Lakini wakulima wasio na simu janja walizipata twiti zake kwenye simu za kawaida, na waliozipata wakawatumia wenzao kwa SMS. Kwangu mimi, hakuna aliyeutumia mtandao ule vizuri kumshinda.

Je, wajua kuwa mwaka 2009 mkahawa wa Albion jijini London ulifungiwa jikoni kisanduku cha kutwiti? Mwokaji alizungusha kitufe kuchagua kilichoiva, akabonyeza, na wafuasi wakajua mkate umetoka tanurini sasa hivi. Hakuhitaji kushika simu kwa mikono yenye unga. Los Angeles nako, gari la chakula la Kogi, lililoanza 2008 kuuza taco za nyama ya Kikorea, lilitaja kwenye Twitter mahali litakapoegesha, na foleni ikajipanga. Kampuni ya Dell, kwa upande wake, ilitangaza Juni 2009 kwamba mtandao huo umeiingizia mauzo ya dola milioni 3.

Je, wajua kuwa matapeli husoma malalamiko yako kabla ya benki yako? Ukiandika hadharani kwamba pesa zimekwama, akaunti yenye nembo ileile na jina lililopinda herufi moja inaweza kukufuata ikikuita faragha. Ikikuomba namba ya siri, ujue si benki.

Je, wajua kuwa hashitegi iliwahi kumpandisha bosi ndege? Julai 2015, Barack Obama akielekea Nairobi, CNN iliieleza Kenya kama kitovu cha ugaidi. Wakenya wakaishukia kwa #SomeoneTellCNN, kwa hasira na vichekesho kwa pamoja. Agosti, kiongozi wa juu wa kituo hicho, Tony Maddox, alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi.

Je, wajua kuwa twiti moja ya uongo iliyumbisha soko la hisa? Aprili 2013 wadukuzi waliingia kwenye akaunti ya shirika la habari la AP, wakadai Ikulu ya Marekani imelipuliwa. Kipimo cha Dow Jones kilishuka zaidi ya pointi 140 kwa dakika chache kabla ya kurudi juu. Novemba 2022, tiki ya bluu ilipoanza kuuzwa kwa dola 8, mtu akainunua, akajiita kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kutangaza kwamba insulini ni bure. Kampuni halisi ikalazimika kuomba radhi kwa kauli isiyo yake.

Je, wajua kuwa twiti ya kwanza kabisa, aliyoiandika Jack Dorsey Machi 21, 2006, iliuzwa kwa mnada? Machi 2021 mnunuzi alitoa zaidi ya dola milioni 2.9 kwa hati yake ya kidijitali, ilhali yeyote aweza kuisoma bure. Mwaka uliofuata akaitia sokoni kwa dola milioni 48. Siku za mwanzo, dau kubwa alilowekewa halikufika dola 300.