4F11, kingamwili inayomulika seli zinazohama

Ukijikata kidole, seli za ngozi zilizo kandoni mwa jeraha hujivuta taratibu hadi zikutane. Chembe nyeupe za damu hupenya kuta za mishipa zikiwafuata bakteria. Seli za saratani nazo huutumia uwezo huohuo kutoka kwenye uvimbe wa kwanza na kwenda kuota kwenye ini au mapafu, na huko kusambaa ndiko kunakotunyang'anya wagonjwa wengi. Kuuliza seli inatembeaje, basi, ni kuuliza kuhusu uhai wa watu.

Mojawapo ya protini zinazoendesha mwendo huo inaitwa kortaktini. Hukaa chini kidogo ya utando wa seli, hasa upande ule seli inakoelekea. Hapo nyuzi za aktini huota matawi na kuusukuma utando mbele. Kortaktini, ikishirikiana na kundi la protini liitwalo Arp2/3, huchochea matawi hayo yaote, kisha huyashikilia yasivunjike mapema.

Namna ilivyopatikana inastahili kusimuliwa, maana kingamwili ilitangulia, protini ikafuata. Katika maabara ya J. Thomas Parsons, University of Virginia, Marekani, watafiti walikuwa wakichunguza seli za viinitete vya kuku zilizogeuzwa kuwa za saratani na Src, kimeng'enya kilichotoka kwenye virusi vya kuku ambavyo Peyton Rous aliviripoti mwaka 1911. Src huzibandika protini nyingine fosfeti kwenye asidi amino iitwayo tirosini. Zipi hasa, orodha haikuwepo. Wakazikusanya kwa mkupuo protini zilizokwisha kubandikwa, wakawachanja panya, wakaiachia kinga ya panya kazi ya kuzitenganisha. Seli za wengu za panya hao ziliunganishwa na seli za saratani zisizokoma kugawanyika, njia waliyoibuni Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975 na iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kila ukoo wa seli uliopatikana hutoa kingamwili ya aina moja tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Kingamwili iliyopewa namba 2A7 ilishika protini ambayo baadaye ilijulikana kuwa FAK, kimeng'enya cha mahali seli inapojishikiza. Nyingine, 4F11, ilishika kitu kilichoonekana kama mistari miwili, nacho kikaitwa p80/85 kwa kukosa jina. Jina la kortaktini lilikuja mwaka 1993. Hadi leo 4F11 inauzwa katika vichupa vidogo na kutumiwa na watafiti wa mwendo wa seli.

Hiyo mistari miwili inahitaji maelezo. Protini za seli hupitishwa kwenye jeli kwa nguvu za umeme, nyepesi zikitangulia na nzito zikibaki nyuma. Zikihamishiwa kwenye karatasi maalumu, kingamwili huongezwa ili ikamate ya kwake. Kortaktini ya binadamu ina asidi amino 550, na kwa hesabu inapaswa kuwa na uzito wa kilodaltoni 62 hivi. Kwenye jeli hujitokeza kwenye 80 na 85. Mwanafunzi anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani kingamwili imeshika protini isiyo yake. Haikukosea, umbo la kortaktini huichelewesha njiani.

Lakini wasiwasi wa mwanafunzi huyo ni wa haki, nami ningependa uwe wa kila mtu. Mstari mahali panapotarajiwa hauthibitishi lolote, kama ambavyo mstari mahali pasipotarajiwa hauikatai kingamwili. Kipimo cha kweli ni kuchukua seli ambazo jeni ya kortaktini imezimwa, kuziweka kando ya seli za kawaida, na kuzitia kingamwili ileile. Mstari ukitoweka, umeipata protini yako. Ukibaki palepale, unachokiona ni kitu kingine. Vivyo hivyo chini ya darubini: ukingo wa seli uking'aa hata pale ambapo kortaktini haipo, picha hiyo haifai, iwe nzuri namna gani. Na anayechunguza chembe za damu akumbuke kwamba huko kuna HS1, ndugu wa kortaktini, asije akawachanganya.

Tahadhari hii si ya kinadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima kingamwili 614 za kibiashara zinazolenga protini 65, na zaidi ya nusu zilishindwa katika jaribio moja au zaidi. Zipo zilizofanya vizuri kwenye jeli zikashindwa kwenye darubini, kwa hiyo sifa ya jaribio moja haihamishiki kwenda jingine. Maabara yenye bajeti finyu ina sababu zaidi ya kudai ushahidi huo kabla ya kuagiza.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito. Kipande cha kromosomu ya 11 chenye jeni ya kortaktini mara nyingi hujirudufu katika saratani za kichwa na shingo, na pia katika saratani ya umio, ambayo inaathiri watu wengi kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi. Atakayetaka kujua kama vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa hao vina kortaktini kupita kiasi atahitaji kingamwili iliyopimwa kwenye tishu iliyohifadhiwa kwa fomalini na nta, kwa sababu dawa hizo hubadilisha umbo la protini, na kingamwili iliyofaulu kwenye seli za maabara inaweza isiitambue tena.