Mashine ya Hewa ya Usiku: Usafi na Usalama Wake



Wapo miongoni mwetu, mapadre, walezi, mafrateri na waamini wa parokia, wanaolala na mashine ya hewa kando ya kitanda. Daktari amewakuta na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu anapolala, njia ya hewa kooni hujifunga, pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mwili hushtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Hali hiyo ikifika mara 30 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Mgonjwa huamka amechoka, husinzia darasani na kwenye tafakari, na shinikizo lake la damu huweza kupanda. Kwa padre anayeendesha pikipiki kwenda vigangoni, usingizi huo unaweza kumtoa barabarani.

Mashine hiyo, ambayo hospitalini huitwa kwa kifupi CPAP, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, pamoja na wenzake. Yenyewe haitoi dawa wala oksijeni. Huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu kidogo kupitia mpira na barakoa, ili koo libaki wazi. Maana yake ni kwamba chochote kilichomo katika hewa ya chumba, katika maji ya mashine na katika mpira wake, mgonjwa anakivuta usiku kucha. Mashine ikichafuka, hunuka, huwasha uso na kuziba pua, na mwisho wake mtu huiweka kabatini. Usiku huohuo ugonjwa unarudi. Ndiyo sababu tunasema usafi wa mashine ni sehemu ya tiba yenyewe.

Maji

Mashine nyingi zina kitangi kidogo cha maji cha kulainisha hewa. Hapa Dodoma tunakihitaji, hasa katika miezi ya kiangazi, kwa kuwa hewa kavu hukausha pua hadi kutoa damu. Lakini sehemu kubwa ya maji ya mji wetu hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na kila anayechemsha chai anaujua utando mweupe unaoshika birika. Utando huo hushika pia kitangi cha mashine, na uchafu hujificha ndani yake.

Maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa, kwa kuwa hayana chumvi. Yakikosekana kwa siku chache, tutumie maji yaliyochemshwa na kupoa. Kuchemsha huua vijidudu ila hakuondoi chumvi, hivyo kitangi kitahitaji kusuguliwa mara nyingi zaidi. Tusitumie kabisa maji ya betri ya gereji, kwani chupa nyingine zina asidi. Wala tusitie ndani mafuta ya mkaratusi, manukato au dawa ya mafua.

Kila asubuhi tumwage maji yaliyobaki. Kuongezea maji mapya juu ya maji ya jana ni kufuga vijidudu. Utando mweupe ukionekana, tuloweke kitangi kwa dakika 10 katika siki nyeupe, sehemu 1 ya siki kwa sehemu 9 za maji, kisha tukisuuze vizuri.

Kila siku na kila wiki

Kazi ya asubuhi haichukui muda mrefu, na inaweza kufanyika kabla ya kengele ya Misa. Tuchomoe kwanza waya wa umeme. Tuoshe ukingo laini wa barakoa, ule unaogusa uso, pamoja na kitangi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali. Tusuuze na kuanika kivulini, juu ya taulo safi. Jua letu kali hukakamaza na kupasua plastiki na mpira.

Mara moja kwa wiki tuoshe mpira wa hewa na mikanda ya kichwani kwa namna hiyohiyo, kisha tuning'inize mpira hadi ukauke kabisa ndani. Mtu akiwa na mafua, afanye hivyo kila siku. Mashine yenyewe haioshwi: hufutwa kwa nje tu, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Jiki, spiriti na dawa kali za kuua vijidudu tusizitumie, kwa kuwa huharibu vifaa na mvuke wake huishia mapafuni.

Kabla ya kulala tunawe uso. Wengi wetu hujipaka mafuta ya mgando kwa ajili ya ukavu wa ngozi, lakini mafuta hayo huharibu ukingo wa barakoa na kuufanya uteleze. Tuyaache pale barakoa inapokaa.

Vumbi

Nyuma au ubavuni mwa mashine kuna chujio. Maelekezo mengi husema chujio la kutupwa libadilishwe kila mwezi. Kwa upepo na vumbi la Miyuji tusingoje mwezi: tulikague kila wiki, na likiwa la kijivu tulibadilishe. Chujio la sponji huoshwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine isikae sakafuni wala karibu na pazia. Iwe juu ya meza fupi, chini kidogo ya usawa wa kichwa, ili maji yasitiririke kuelekea puani. Tumwage maji kabla ya kuihamisha.

Umeme na usalama

Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotoka Marekani isomwe kwanza kibandiko cha chaja yake: kama hakionyeshi volti 100 hadi 240, isichomekwe moja kwa moja. Stebilaiza husaidia pale umeme unapopanda na kushuka. Umeme ukikatika, mtu avue barakoa. Vitundu vidogo vya barakoa ni vya kutolea hewa chafu, hivyo visizibwe kwa plasta hata vikipuliza baridi. Anayetumia oksijeni pamoja na mashine asiwashe mshumaa wala kibatari chumbani. Barakoa nyingine zina sumaku: mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo amwulize daktari kwanza.

Mashine za msaada

Mara nyingine wafadhili hutuletea mashine zilizokwisha kutumika. Tushukuru, kisha tuulize. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikimomonyoka na kutoa chembe na gesi ambazo mgonjwa angeweza kuzivuta. Hivyo jina na namba ya mashine vikaguliwe katika tovuti ya mtengenezaji. Barakoa, mpira na chujio viwe vipya. Nguvu ya hewa ipangwe na daktari, kwa kuwa ile iliyomfaa mwenye mashine wa kwanza inaweza isimfae wa pili. Kwa sababu hiyohiyo, hatuazimani mashine bwenini.

Kikohozi kisichoisha, maumivu ya kichwa, harufu mbaya au vipande vyeusi ndani ya mpira ni dalili za kumwona daktari mapema. Kama mashine ina walakini, ni yeye atakayeshauri la kufanya. Tusiache tiba kimyakimya.

Nasi tunaolala jirani tuna wajibu wetu. Mwenzetu apewe soketi karibu na kitanda na meza isiyo na vumbi, na asitaniwe kwa sauti ya mashine. Na yule ambaye bado hana mashine, anayekoroma na kunyamaza ghafla kisha kushtuka, tusimcheke. Tumweleze tulichosikia, kwa kuwa yeye mwenyewe hajisikii, na tumsindikize hospitali.